Sita Zangu, Ishirini na Mbili Zako

"Zimamoto!" Bryony alisema. "Umemfanya baba yangu zimamoto!"

Garrett alichukua rimoti akapunguza sauti. Kwenye televisheni mwanamume mwenye mabega mapana kama kabati alikuwa akishuka kwenye gari jekundu, kifua wazi, jasho linameremeta, jua la Ohio limempiga utosini. Nje ya dirisha la sebule, mvua ya Marsden, kaskazini mwa Uingereza, ilianguka kwa mshazari kama ilivyoanguka tangu asubuhi.

"Si baba yako," Garrett alisema. "Anaitwa Rick. Ni mhusika tu."

"Baba yangu aliendesha lori la kumwaga chumvi barabarani magari yasiteleze kwenye barafu. Akitoka hapa usiku wa manane, anapanda mlima peke yake na redio mbovu. Tamthilia yangu inaitwa *Chumvi Barabarani* kwa sababu hiyo. Yenu inaitwaje, hebu nikumbushe?"

"Unajua inaitwaje."

"Nataka uitaje mbele ya mama."

Garrett alikohoa. "*Moto wa Nyumbani*."

Sheila Ackroyd, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na hita ya gesi, alicheka puani. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele fupi nyeupe, na tangu aanze kutazama hajaondoa macho kwenye kile kifua. "Mimi sina neno," alisema. "Derek, baba yako, alikuwa na kifua kama kuku aliyenyonyolewa. Acha nami nipate bahati."

"Mama!"

"Nini? Nimefiwa, sijapofuka."

Garrett akacheka, akifikiri ameokoka. "Chaneli ndiyo iliyokataa lori, Mama. Walisema hakuna mwanamke Marekani atakayempenda mtu anayemwaga chumvi."

"Mimi si mama yako, kijana," Sheila alimjibu bila kugeuka. "Mama yako yuko Minnesota anasubiri umpigie simu. Na mimi nilimpenda mtu anayemwaga chumvi. Washa sauti."

Ndivyo alivyokuwa akimpokea tangu siku ya kwanza, miaka mitatu nyuma, Garrett Lindqvist alipokuja kutoka Los Angeles kununua haki ya kuitengeneza upya tamthilia ya Bryony. Sheila alimtazama kuanzia viatu hadi meno, na alipotoka tu akamwambia binti yake, "Mwanamume mwenye meno mengi hivyo lazima anatafuta kitu cha kuuma." Lakini Bryony alikuwa ameshachelewa. Alishamwona Garrett akisimama kwenye mvua juu ya barabara ya Standedge, bila kofia, akilitazama bonde la chini kwa mdomo wazi kama mtoto, na moyo wake ukafanya kitu ambacho haukuwa umekifanya kwa mwanamume yeyote wa Yorkshire. Baada ya hapo yakaja mambo ya ndege na viwanja vya ndege, simu za asubuhi kwa huyu na jioni kwa yule. Sasa masanduku mawili ya Bryony yalikuwa chumbani juu, yamefungwa. Jumanne angeondoka naye, na safari hii si kwa matembezi bali kuhamia kwake.

Garrett ndiye aliyetaka watazame pamoja Jumapili hii, watu watatu, nyama iko kwenye oveni. "Nimewaletea zawadi," alisema alipoitia ile diski. "Sehemu ya nane. Haijaonyeshwa bado. Ninyi wawili ndio wa kwanza duniani."

Zawadi yenyewe ilikuwa hii: zimamoto.

"Na huyu Carol," Bryony aliendelea, akimnyooshea kidole mwanamke aliyekuwa akilia jikoni kwenye kioo cha televisheni, nywele zimetengenezwa, machozi yakishuka bila kuharibu wanja. "Carol wangu alikuwa na koti moja. Huyu ana jiko kubwa kuliko nyumba hii. Anamkimbia mumewe kwa lipi? Kwa ajili ya kuchoka kufuta marumaru?"

"Anakimbia upweke."

"Amesema hivyo mara nne! 'Nina upweke, Rick.' 'Huoni upweke wangu, Rick?' Carol wangu hakusema neno. Alikunja taulo, akalitazama, akaondoka. Watu milioni saba walielewa."

"Watu milioni saba walikisia," Garrett alisema. Sasa na yeye alikuwa amekaa wima. "Ndiyo raha yenu hiyo. Mtu anakunja taulo, nchi nzima inalia, na hakuna anayejua kwa nini. Kisha sehemu sita, mnazima taa, mnaenda nyumbani. Mwanamke ametoka kwenye theluji na mfuko wa dukani mkononi, lori la mumewe limempita, halikusimama, basi, mwisho! Sisi tuna sehemu ishirini na mbili kwa msimu, Bryony. Siwezi kujaza ishirini na mbili kwa mataulo."

"Kwa hiyo unazijaza kwa vifua."

"Nazijaza kwa yanayofuata! Wewe hutaki kujua yanayofuata. Kitu kikianza kuuma tu, unaandika 'mwisho' halafu unakiita ukweli."

Bryony alijua Garrett hakuwa akizungumzia tamthilia peke yake. Mara mbili katika miaka hii mitatu Bryony alikuwa amemwacha. Mara zote mbili kwa ujumbe mfupi wa simu, bila sababu, na mara zote mbili Garrett alipanda ndege akaja kuuliza yanayofuata. Walitazamana. Yale macho ya kijivu ya Garrett, hata yakiwa na hasira, yalikuwa na namna ya kumgusa shingoni. Alimchukia kwa hilo.

"Kumi," Sheila alisema ghafla.

"Kumi nini, mama?"

"Waandishi. Nimehesabu majina pale mwanzo. Wewe ulikuwa peke yako kule darini na hita ya mguu. Hawa kumi wote walikuwa wakifanya nini?"

"Tunakaa chumba kimoja, Bi. Ackroyd," Garrett alisema, akifurahi kupata la kueleza. "Meza kubwa, chakula, tangu asubuhi. Kila mtu anatoa kitu cha maisha yake. Talaka yake, baba yake, aibu yake. Huwezi kukaa meza ile ukaficha. Wenzako watakuona mchoyo. Aliyetoa kidonda kikubwa ndiye siku hiyo amefanya kazi. Tunakiandika kwenye kadi, tunakibandika ukutani, na kinachosemwa mle hakitoki."

"Hakitoki," Sheila alirudia. "Kinaenda tu kwenye televisheni."

Bryony hakucheka.

Kisha mambo ya kwenye kioo yakabadilika. Nyumba ile ile ya Ohio, lakini mchana, na mvua. Carol alikuja akitembea kwenye njia ya bustani. Alikuwa amerudi. Kwenye tamthilia ya Bryony, Carol hakurudi kamwe. Hilo ndilo lililowafanya watu waizungumzie tamthilia ile mpaka leo. Carol huyu aligonga mlango. Kamera ikaingia ndani. Nyuma ya mlango, amekaa sakafuni, magoti yamegusa kidevu, alikuwa mtoto wa kike wa miaka tisa hivi aliyevaa soksi bila viatu. Alisikia. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili ili pumzi yake isisikike. Carol aligonga tena. Mtoto hakusogea. Carol akageuka, akakaa kwenye kizingiti, na mvua ikamnyeshea.

Bryony aliinuka kitini.

Kitu kile kilikuwa chake, na hakikuwa kimeandikwa popote. Hakikuwa kwenye sehemu zake sita. Hakukuwa na mtu aliye hai aliyekijua isipokuwa yeye na mtu mmoja, aliyeambiwa gizani, kichwa cha Bryony kikiwa kifuani pake, akaapa kwa kumbusu utosi.

"Zima," alisema.

Garrett alimgeukia akitabasamu, macho yamelowa. "Subiri. Subiri uone anavyo..."

"Zima, Garrett!"

"Usizime," Sheila alisema.

Sauti yake ilikuwa ya chini. Alikuwa ameegemea mbele, mikono juu ya magoti. Hakuna aliyethubutu kugusa rimoti. Kwenye kioo mtoto aliinuka, akashika kitasa, akafungua mlango. Mama na mwana wakakumbatiana kwenye mvua, muziki ukapanda, zimamoto akatokea nyuma yao na koti. Sheila alitazama hadi jina la mwisho lilipopita. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote:

"Siku ile niliporudi, Derek aliniambia ulikuwa kwa shangazi yako Hilary."

Bryony aligeuka kumtazama.

"Nilikuwa naogopa kugonga, nikagonga. Nikakaa pale kizingitini mpaka aliporudi kutoka kazini. Nikamwuliza, mtoto yuko wapi, akasema kwa Hilary. Miaka ishirini na tano najiambia, angalau nyumba ilikuwa tupu, Sheila. Angalau hakuna aliyekukataa."

"Mama..."

"Alijua, sivyo? Derek alijua uko ndani."

"Alinikuta pale pale. Akaniambia nipite mlango wa nyuma, nije kama natoka kwa shangazi."

Garrett alikuwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine, tabasamu likimnyauka taratibu. "Hebu ngoja," alisema. "Hamjawahi... Bryony, hukumwambia? Miaka yote hii?"

"Nimwambie lini?" Bryony alimpigia kelele. "Krismasi? Tukipakua viazi?"

"Mimi nilidhani mmeshazungumza! Watu wa kawaida wangezungumza! Nilidhani ni jambo la familia, mnalijua wote, limeshapona. Nilidhani nakuletea..." Alishika kichwa. "Kwetu mtu akikupa kitu kama kile, unakitendea haki. Unakitengeneza. Nimepigana na wale watu wiki nzima wasiikate sehemu ile."

"Nilikupa wewe. Sikuipa meza."

"Sikutaja jina lako."

"Ah, ahsante! Umeshona nguo yangu upya, ukamvisha mtu mwingine, sasa nikushukuru kwa kutoa lebo? Nilikuambia kitu kile kwa sababu nilikuwa nakupenda, Garrett. Wewe ukakipeleka kazini kama mtu anavyobeba sandwichi."

"Wewe mwenyewe ulimchukua mama yako!" Garrett aliinuka. Masikio yalikuwa yamemwiva. "Koti lake, taulo lake, mfuko wake wa dukani. Ulimwomba ruhusa? Wewe ukichukua peke yako darini ni sanaa, mimi nikichukua mbele ya watu ni wizi?"

Bryony alimgeukia mama yake, akitaka amtetee. Ilikuwa tabia ya tangu utotoni: mgeni akileta maneno, wao wawili wanakuwa upande mmoja. Lakini Sheila alikuwa akimtazama yeye.

"Hapo mvulana ana hoja," Sheila alisema.

"Mama, huyu amekuumiza sasa hivi!"

"Ndiyo. Na wewe uliniumiza Jumapili sita mfululizo, saa tatu usiku, baada ya taarifa ya habari." Aliongea kama anayesoma bei za mboga. "Mtaa huu wote ulijua ni mimi. Nilikuwa nikiingia dukani wanawake wananyamaza, wananitazama mfuko. Magazeti yakasema binti yangu ni jasiri. Nilikuwa nimeshatoka na kurudi, nimepika chakula cha nyumba hii miaka yote, nimemwosha baba yako mpaka siku aliyokufa, na wewe ukaniacha kwenye theluji. Hukunirudisha. Ulikuwa na sehemu sita, mwanangu, na hukupata nafasi ya kunirudisha hata dakika moja."

"Ilikuwa... tamthilia ilihitaji..."

"Najua ilihitaji. Kila mtu aliniambia jinsi ilivyohitaji." Alinyoosha kidole kwenye kioo kilichokuwa cheusi sasa. "Hii ni takataka. Mwanamke analia na wanja haumwagiki. Wanatia chumvi kila mahali isipokuwa barabarani. Lakini humu nimerudi."

Bryony alihisi machozi yakimchoma, akayazuia kwa nguvu zile zile alizokuwa nazo akiwa na miaka tisa. "Humu mtoto anafungua," alisema. "Mimi sikufungua, mama. Hata hapo amedanganya."

"Kwa nini hukufungua?"

Swali lilikuja wazi hivyo, bila kuzungushwa, katika sebule ambamo hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali la namna ile. Hita ilikuwa ikivuma. Bryony alitazama zulia.

"Uligonga mara mbili," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasubiri ugonge mara ya tatu. Nikajiambia, akigonga ya tatu, nafungua. Nikasikia umekaa."

Sheila hakumfuata binti yake kumkumbatia, wala Bryony hakumwendea. Haikuwa nyumba ya hivyo. Sheila aliinuka, akajishika kiuno, akanyoosha sketi.

"Nyama itakauka," alisema, akaingia jikoni.

Walibaki wawili. Garrett alivuta pumzi ndefu, na Bryony akaiona ikija kabla haijafika: ile nuru usoni, lile tumaini la Kimarekani lisilojua kukaa chini.

"Bry," alisema kwa upole, akimsogelea. "Unaona? Mmezungumza. Baada ya miaka ishirini na tano, mmezungumza."

Alikuwa amenyoosha mkono kumgusa shavu. Sekunde moja ngozi ya Bryony iliutaka mkono ule, iliutaka kwa njaa ya kutia aibu. Akarudi nyuma hatua moja.

"Usithubutu kujipongeza."

"Sijipongezi. Nasema tu..."

"Ulivunja mguu wa mtu kwa gari, sasa unafurahi kwamba kitandani amepata muda wa kusoma. Jumanne utaondoka peke yako."

Mkono wa Garrett ulibaki hewani. "Unamaliza tena," alisema. "Kitu kimeanza kuuma tu, umezima taa."

"Sijazima. Msimu wa pili mnaanza kuuandika lini?"

Swali lilimshangaza. "Jumatatu ijayo."

"Watakaa wote kumi mezani, watakuuliza, enhe, Uingereza kulikuwaje? Na wewe utakuwa na hiki cha leo mkononi. Mama yangu kwenye kile kiti. Nilichomjibu. Jinsi nilivyokufukuza. Si ndiyo?"

Garrett alipitisha vidole kwenye nywele.

"Usiwape. Usiwape kwa kubadilisha majina, wala kwa kuhamishia Ohio, wala kwa kuniwekea nywele za dhahabu. Mimi nitatazama, Garrett. Zote ishirini na mbili, mimi nisiyeweza kuvumilia hata moja. Nitakaa hapa na mama yangu, nitazitazama mpaka jina la mwisho lipite. Ukiweza kukaa na kitu changu kimoja mwaka mzima bila kukipeleka mezani, njoo unigongee. Usipoweza, nitakiona mwenyewe, na wala huna haja ya kupiga simu."

"Na nisipokitoa," aliuliza polepole, "utajuaje kwamba nilikizuia kwa ajili yako? Labda nilikitoa wakakikataa."

"Hawatakikataa." Sauti yake ilikwaruza. "Nimekisikia na mimi. Ni kizuri. Watakipenda mno. Hapo ndipo patakapokuwa na kazi ya kukizuia."

Kutoka jikoni ulisikika mlango wa oveni, kisha kisu kikinolewa. "Anakula huyo au hali?" Sheila aliuliza kwa sauti.

"Anaondoka, mama!"

"Basi nitafunga vipande viwili kwenye karatasi. Mpaka uwanja wa ndege wa Manchester hatapata cha maana."

Garrett hakucheka. Hakuwa akimtazama Bryony tena. Macho yake yalikuwa yamempita begani, hadi kwenye mlango wa jikoni uliokuwa wazi, hadi kwenye mgongo wa mwanamke mwembamba aliyeinamia nyama na kuikata vipande sawasawa, bega moja likipanda na kushuka kwa namna isiyohusiana na kukata. Bryony alilijua jicho lile. Halikuwa la huruma tu. Lilikuwa likipima mwanga wa dirisha, likichagua mahali pa kusimama, likiacha hiki na kuchukua kile. Garrett aligutuka, akageuka, akaona kwamba ameonekana.

"Sikuwa..." alianza.

"Ulikuwa."

Alishusha kichwa. Akavaa koti lake taratibu, kifungo kimoja baada ya kingine. Na Bryony, aliyepaswa wakati huo kuwa na hasira tu, alijikuta amesikia jinsi kisu kilivyosita kila kilipofika mfupani, ameona mvuke ulivyolowanisha nywele nyeupe za mama yake shingoni, na sentensi ya kwanza, safi na fupi, ilikuwa imekwisha kukaa kichwani mwake.

"Nenda, Garrett," alisema. "Nenda upesi, kabla sijaiandika mimi."